Geji ilidanganya, lakini aliyemponza Papa Ramazani ni mimi (Lubumbashi, enzi za Zaire)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu kama geji ya mafuta ya ndege inaweza kudanganya ndege ikiwa angani. Wengi mlimjibu kwa utani, mmoja akasema labda ya bodaboda. Nilisoma comments zote mpaka mwisho na sikuweza kucheka.

Inaweza. Nimewahi kukaa nyuma ya geji ya namna hiyo nikiwa na abiria thelathini na tisa mgongoni kwangu.

Ila huu uzi siyo wa geji. Kuna mzee alifungwa na kufukuzwa kazi kwa ajili ya ile safari, akaitwa mhujumu mpaka anaingia kaburini. Mzee yule hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi, na nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini. Nitaeleza yote, hata pale mtakaponidharau.

Tuanze taratibu.

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Babu yangu alitoka Ujiji na mzigo wa nguo, akaoa huko huko, hakurudi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kama hiki mnachokisoma, baba alikuwa mkali sana kwa hilo. Ukitoka nje ya geti unakutana na Kiswahili cha mji, kile cha muntu na bantu, kilichochanganyika na Kifaransa. Shikeni hapo, maana kisa chote kimelala kwenye tofauti hiyo.

Enzi hizo nchi ni Zaire, mkoa unaitwa Shaba, chama ni kimoja, na kila mtu ni citoyen, yaani raia. Ukimwita mtu monsieur, yaani bwana, unatazamwa vibaya. Vita vilikuwa vimepita upande wa Kolwezi, na neno saboteur, yaani mhujumu, lilikuwa linatupwa ovyo. Mtu akiitwa hivyo asubuhi, jioni nyumbani kwake wanalia.

Nilikuwa fundi wa ndege, miaka ishirini na sita, kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja na haipo tena. Ndege yetu ilikuwa ya propela mbili, viti arobaini na vinne. Spea zilikuwa zinaagizwa na haziji.

Sasa hiyo geji.

Kila bawa lilikuwa na tanki lake na geji yake. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imeganda, sindano imesimama kwenye robo tatu tangu mvua zianze. Ukijaza tanki, robo tatu. Ukilimaliza, robo tatu. Fundi mmoja alibandika plasta ya kidonda chini yake akaandika Menteuse, maana yake mwongo, tena mwongo wa kike. Marubani walicheka wiki ya kwanza, baadaye wakazoea.

Najua kuna wajuaji humu wataniuliza iliruka vipi. Iliruka kwa kijiti.

Mtu anapanda juu ya bawa, anafungua kifuniko cha tanki, anazamisha kijiti chenye alama, anasoma palipolowa. Anamwambia wa chini, wa chini anaandika kwenye fomu, fomu inaenda kwa rubani. Mkiwa angani rubani anapiga hesabu kwa saa: tulianza na kiasi hiki, injini inakunywa kiasi hiki kwa saa, kwa hiyo kimebaki hiki. Hesabu ni nzuri kabisa, mradi kile cha kuanzia kiwe cha kweli.

Mtu wa kijiti alikuwa Papa Ramazani.

Alikuwa mtu wa Maniema, wa Kasongo, Mwislamu mwenye swala zake, umri wa baba yangu. Hakusoma shule ya maana lakini alizijua ndege zile kuliko sisi wenye vyeti. Alikuwa anaiongelea ndege kama kiumbe. Inakula, inachoka, imelala. Tanki likifika kwenye alama atasema linayala, maana kule kujaa ni kuyala. Lisipofika atasema liko na njala, yaani njaa. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, wengine walitaja namba tu.

Na alikuwa na sheria moja.

Akisema jambo kutoka juu ya bawa, wewe wa chini unalirudia neno kwa neno. Akiridhika anajibu "Eyo," yaani ndiyo ya kule. Bila eyo ya Papa Ramazani hakuna kuandika kitu. Ukijifanya umesikia ukakaa kimya, anakutazama anasema, "Nirudishie." Mimi na cheti changu niliona ni mambo ya chekechea. Nilikuwa namrudishia kwa sauti ya uvivu, kama mtoto anayelazimishwa salamu.

Siku yenyewe ilikuwa safari ya Kalemie, kwenda na kurudi. Kalemie hakukuwa na mafuta miezi kadhaa, kwa hiyo ilibidi tubebe ya safari zote mbili. Matanki yote mawili full. Yakijaa, mnarudi na ziada ya kama saa moja.

Asubuhi hiyo hiyo wajumbe wa chama walikuwa wanashuka kutoka Kinshasa. Wa zamani wa Zaire mnajua maana yake. Wafanyakazi wanavalishwa vitambaa vya chama, wanapangwa uwanjani kuimba na kucheza. Ilikuwa inaitwa animation, na haikuwa ya hiari. Papa Ramazani alikuwa na sauti nzuri, jina lake lilikuwa juu kwenye orodha.

Lori la mafuta lilijaza tanki la kushoto, likahamia kulia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa lori naanza fomu. Kabla tanki halijajaa, askari akaja akamwamuru dereva atoe lori njiani, wageni wanakaribia. Mimi hilo sikuliona. Nilichoona ni mpira wa mafuta unashuka na lori linaondoka, nikajua tayari.

Papa akazamisha kijiti. Ngoma zimeanza, na mashine ya umeme wa ndege inanguruma pembeni yangu. Akainama akanipigia kelele kutoka juu.

Alisema, "Ya droite iko na njala."

Mimi nikasikia, "Ya droite iko nayala."

Yasemeni kwa sauti hayo maneno mawili, wakuu, kisha washeni mashine ya kusaga karibu yenu. La kwanza: ya kulia ina njaa. La pili: ya kulia imejaa. Kwetu nyumbani hatukusema njala, tulisema njaa, kwa hiyo sikio langu halikuwa linaisubiri njala. Liliisubiri nayala, neno nililolisikia kila siku nikiwa na kalamu mkononi.

Sikurudisha. Nilinyanyua dole gumba tu.

Nakumbuka alibaki amesimama pale juu na kijiti chake, ananitazama. Alikuwa anangoja nirudishe. Mjumbe wa chama wa karakana akamwita jina mara mbili, na Papa akafunga kifuniko akashuka upande wa pili. Baadaye nilielewa alivyowaza: wageni wakipita, huyu kijana atamrudisha mwenye lori.

Nikaandika plein, yaani imejaa, kushoto na kulia. Nikasaini. Nikapanda, maana kwa sababu ya ile Menteuse ilikuwa lazima fundi mmoja asafiri na ndege.

Kwenda hakukuwa na shida. Rubani alikuwa Commandant Tshibangu, Mkristo wa asili ya Kasai, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Kila nusu saa aliandika hesabu yake kwa penseli ya nta kwenye kioo. Kalemie tukashusha, tukapakia. Walimu, akina mama na vikapu vya samaki wakavu, mgonjwa mmoja mama wa makamo anapelekwa hospitali Lubumbashi akiwa ameegemea bega la binti yake.

Kama nusu saa baada ya kuondoka Kalemie, taa ya presha ya mafuta ya injini ya kulia ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena na kubaki.

Geji ya kulia inasema robo tatu. Hesabu ya penseli inasema nusu. Taa inasema hakuna kitu.

Commandant hakupandisha sauti. Aligeuza shingo akaniuliza, "Citoyen, ulijaza ao haukujaza?"

Nikamwambia nilijaza, plein, fomu ni hiyo. Na wakuu, niliamini ninachosema. Ningekula kiapo.

Injini ya kulia ikakohoa mara chache, ikafa. Ndege ikavuta upande, akina mama nyuma wakaanza kuomba, kila mmoja kwa dini yake.

Ndege ile ilikuwa na valvu ya kuruhusu tanki moja kulisha injini zote mbili. Commandant aliweka mkono juu yake, kisha akautoa. Nilijua anawaza nini. Kama tanki lilijazwa na sasa ni kavu, basi kuna mahali panavuja, na ukifungua valvu unaweza kuyamwaga nje hata ya kushoto. Akaamua kuruka na injini moja, polepole, chini kidogo. Uamuzi wake wote ulisimama juu ya neno langu.

Akanituma nikaangalie bawa dirishani.

Nikapita katikati ya viti, kila jicho linanitazama usoni kutafuta jibu. Nikainama kwenye dirisha la yule mama mgonjwa. Binti yake akaniuliza kama tutafika. Nikaendelea kutazama nje. Mafuta yakivuja yanaacha mkanda wa unyevu nyuma ya bawa, au ukungu mweupe. Hapakuwa na kitu. Bawa lilikuwa kavu, jua linawaka juu yake.

Nikarudi nikasema havuji mtu. Ulimi ulikuwa mzito kiasi kwamba hata maneno yalinitoka vibaya. Nikarudia, hakuna kinachovuja.

Commandant aliitazama fomu yenye saini yangu, kisha akanitazama mimi.

"Basi mafuta ilienda wapi?"

Na mimi nikakaa kwenye kiti changu cha kukunja, jasho linanitoka kwenye ubaridi ule, nikaanza kuirudia asubuhi nzima kichwani. Lori. Mpira. Dole gumba.

Muda uliobaki tulitazama geji ya kushoto, ile nzima. Sasa nayo sikuiamini. Ikishuka naogopa, ikitulia naogopa zaidi. Hilo ndilo jibu langu kwa mdau aliyeuliza: geji moja ikikuzoesha uongo, siku ya shida hutaamini hata ile inayosema kweli.

Tuliuona mji kwa lile bomba refu la kiwanda cha shaba na moshi wake. Commandant hakuzunguka, alinyooka moja kwa moja kwenye runway. Tukagusa chini. Gari la zimamoto halikuwepo, asubuhi lilitumika kumwagia maji vumbi kwa ajili ya wageni na halikuwa limerudi. Injini ya kushoto ilizimwa kwenye maegesho, na kijiti kikazamishwa. Kushoto kililowa ncha tu. Kulia kilitoka kikavu.

Wote thelathini na tisa walishuka kwa miguu yao, isipokuwa yule mama, aliyebebwa kama alivyopanda. Mtasema mwisho mwema. Ngojeni.

Baada ya siku chache ikaundwa kamati. Watatu walitoka Kinshasa, wenye Kilingala na Kifaransa chao. Tukaitwa ofisini, mimi na Papa Ramazani, na karani wa kutafsiri. Chumba kimya, feni tu inazunguka.

Papa akaulizwa alisema nini juu ya bawa. Akajibu kwa utulivu kabisa, "Nilisema ya droite iko na njala."

Hapo ndipo nilipolisikia. Bila ngoma, bila mashine. Lilikuja safi kama lilivyotoka mdomoni mwake siku ile, na nikajua palepale mafuta yalikwenda wapi. Hayakuwahi kuwekwa.

Papa akawaeleza na sheria yake. Kwamba yeye husema, wa chini hurudisha, kisha yeye hufunga kwa eyo. Mkubwa wa kamati akanigeukia. Citoyen, siku hiyo ulirudisha?

Mke wangu alikuwa amejifungua wiki saba nyuma. Nilikuwa nimeshasikia neno saboteur likitajwa mara mbili kwenye korido. Niliogopa, wakuu, sina neno jingine la kulipamba.

Nikasema nilirudisha. Nilisema iko nayala, naye akanijibu eyo.

Karani akaandika.

Papa Ramazani alinitazama. Nilitegemea apige kelele, anitukane, aape kwa Mungu wake. Aliinamisha kichwa, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Askari walimchukua kwa mlango wa nyuma.

Alikaa ndani miezi. Alipotoka hakuwa na kazi, na nyumba ya kampuni ilikuwa ya mtu mwingine. Alihamia Ruashi, pembezoni mwa mji, akawa anatengeneza majiko ya mafuta ya taa kibarazani. Mwanawe mkubwa, Saidi, aliacha shule kwa kuitwa mtoto wa saboteur kila siku.

Mimi nilipewa kijiti chake.

Nilikwenda Ruashi mara moja, baada ya kama miaka minne. Nilibeba sukari na sabuni, na moyoni nilikuwa nimepanga maneno yote. Alinipokea vizuri, wakaleta chai. Akaniuliza habari za mtoto wangu kwa jina. Tukaongea habari za majiko, za bei ya mihogo, za mvua. Kila nikifungua mdomo kusema lile jambo, linatoka jingine.

Akanisindikiza mpaka barabarani. Tukiwa tumesimama pale, bila hasira kabisa, akaniambia, "Mwana yangu, siku ile haukunirudishia."

Nilipaswa kusema siku hiyo. Barabara ilikuwa tupu, tulikuwa wawili. Nikamwambia Papa tutaonana, nikaondoka. Hatukuonana tena. Miaka ya misukosuko ilikuja, nikavuka ziwa na familia yangu, sasa nipo Kigoma, mstaafu. Habari ya msiba wake niliipata kwa mfanyabiashara, wiki kadhaa baada ya kuzikwa.

Mnaotaka somo, langu ni dogo. Ukiambiwa jambo kazini, lirudishe. Hata kama unamjua anayekuambia, hata kama unaonekana mjinga. Hospitali, bandarini, kwenye mgodi, popote. Dole gumba halisemi umesikia nini. Na ukikosea sema mapema, maana ukichelewa, mwenye kuhitaji kulisikia anaweza kuwa ameshaondoka.

Wenye uzoefu wa mambo kama haya wekeni yenu hapa chini. Wenye matusi pia karibuni, nitasoma yote na sitamripoti mtu.

Nimebakiza jambo moja.

Wiki iliyopita nilipata namba ya Saidi. Sasa ni mzee kama mimi, ana wajukuu, bado yuko Ruashi. Nilimpigia mchana, nikamsomea haya yote neno kwa neno kabla sijayaweka humu. Sehemu ya kamati nilishindwa mara mbili, nikaanza upya. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikamwomba msamaha, na nikamwomba ruhusa ya kutaja jina la baba yake.

Kisha akaniambia baba yao aliwalea hivyo hivyo. Hata ukitumwa chumvi dukani unarudisha kwanza ulichotumwa. Msamaha hakuutaja. Jina alisema nilitaje.

Halafu akauliza, "Siku ile papa alisema nini? Unirudishie."

Nikasema, "Ya droite iko na njala."

Nikamsikia anavuta pumzi upande wa pili.

"Eyo," akasema, na akakata simu.